Matufaha Manne

Matufaha manne, elfu nne,
soko kuu la Mtwara, yamepangwa kama mayai,
kila moja na kibandiko chake cha bluu.
Nikayafunga kwenye pindo la khanga,
maana pesa ya namna hiyo haiachwi mkononi.

Nyumbani Chuno nikapasua la kwanza: zuri.
La pili: zuri, limelia chini ya kisu.
La tatu kahawia hadi kwenye mbegu.
La nne, hata kuku waliligeuza wakaliacha.

Kumbe kibandiko hakioni ndani.

Mama mkwe, Bi Somoe, yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi.
"Watu sita, matufaha mawili," akasema bila kuinua kichwa.
"Hiyo hesabu ya chama cha msingi,
kilo zinatoka nyumbani nzima, zinafika mizani zimekonda."
Akalivuta kwa mguu kapu lake la Nanguruwe.

Mabibo.
Mekundu, manjano, mengine yamepondeka njiani.
Korosho ikishanyofolewa ikaingia guniani
tunda hubaki chini, la nzi, la mbuzi, la wapika uraka.
Nilicheka.
Kisha nikaenda kutafuta chumvi.

Tukayachemsha ukakasi utoke, tukayakamua,
tukayakata saizi moja na tufaha,
mdalasini, sukari, ndimu nusu,
yakaiva sufuria moja,
mwenyeji na mgeni hawajulikani.

Sasa chenga.
Unga, siagi, sukari, na korosho zilizovunjika,
zile zisizopanda meli.
"Vidole viwe vya baridi," alikuwa akisema mpishi kule Mikindani,
hotelini nilikoosha vyombo, mikono majini, macho yakiiba.
Vyangu vina moto. Siagi ikaanza kulia.
Bi Somoe akanisogeza kwa bega, akaingiza vyake.

Miaka kumi na tisa alibangua kiwandani.
Mafuta ya ganda yakala ngozi, ikaota, yakala tena.
Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho
mashine ilimkataa mara tano.
Kijana akamwambia, futa kwanza, bibi, una vumbi.
Akafuta. Akafuta kwa heshima ya kijana.
Hakukuwa na vumbi.

Vidole hivyo vikasugua unga na siagi, taratibu,
vikiinua, vikiachia,
hadi bakuli likawa na mchanga mnene
kama ule wa mlangoni baada ya manyunyu.
Hakuna kilichoyeyuka.

Moto juu, moto chini.
(Gesi yetu inapita ardhini, ina safari zake.
Sisi tunapepea mkaa.)
Mfuniko aliuinua yeye, bila kitambaa.

Krimu ya dukani niliuliza bei, nikasema asante.
Tukachukua tui la kwanza, kasimele, halijaonja maji,
tukalilaza kwenye friji ya Mchopa muuza barafu.
Umeme ukakatika saa tisa.
Ukarudi saa kumi na moja, mimi nimeshaapa mara mbili.
Tui lilikuwa limesimama, kijiko kinasimama ndani yake.

Bilauri sita za harusi yangu,
miaka minane kabatini, bado na karatasi zao.
Chenga. Tunda. Tui.
Chenga tena, tunda, tui, na korosho moja nzima juu, ya fahari.
"Kwa nini tusitumie bakuli?" akauliza.
Nikamwambia lazima kioo, mama, tabaka zionekane.
Akainua yake kwenye mwanga wa dirisha,
akaizungusha, akaizungusha,
hakusema kitu.

Shazili alidai yake yote ilikuwa tufaha.
Dada yake akadai yake ndiyo yote tufaha.
Wakapigana.

Usiku nikaosha.
Khanga yangu ina doa la bibo, halitatoka, nalijua.
Bilauri tano zilikuwa na vidole vya watu,
vimechorwa kwa tui, mstari kwa mstari.
Ya sita haikuwa na alama ya mtu yeyote,
ila ndani, mpaka chini kabisa,
kijiko kilikuwa kimekwangua hadi kioo.