Daftari la Pili

Ofisi yetu hapa Soroti ina vyumba viwili,
gari moja, na mafuta ya siku nane kwa mwezi.
Siku ya tisa tunakwenda kuomba
kwa mhasibu wa wilaya,
yule yule ambaye jalada lake
liko mezani kwangu, limefungwa kwa uzi.

Hucheka. Hutupa lita tano.
"Chunguzeni," husema, "ila mrudi kabla ya giza."

Visima vitatu vya Ajeluk vimelipwa.
Karatasi zimenyooka: sahihi, muhuri, risiti,
hata picha ya watoto wakikinga maji,
na nyuma yao mlima.
Ajeluk haina mlima.

Nilikwenda kwa baiskeli.
Nikaonyeshwa mawe matatu yaliyopakwa chokaa.
"Hapa," akasema mama mmoja, dumu kichwani,
"ndipo tunapokunywa karatasi."

Walionitangulia walianza na vigogo.
Mmoja alihamishiwa mpakani kuhesabu ng'ombe,
mwingine alipewa cheo, akanyamaza vizuri.
Mimi sikutaka kigogo. Nilitaka bomba,
bomba moja tu: liliingia lini ghalani,
lilitoka na nani.

Mtunza ghala, Amongin, hakutamka neno.
Alinipa kiti, akanipa karanga,
kisha akaenda kufunga mbuzi ambaye
alikuwa tayari amefungwa.
Juu ya kigoda aliacha daftari.

Si lile la serikali. La pili,
la mwandiko wake, limeliwa na mchwa pembeni:
kila bomba, namba ya lori,
na ukuta wa nani lilikoegemezwa.
Aliporudi alisema, bila kuniangalia,
"Miaka kumi na moja. Wote walikuja na hotuba.
Hakuna aliyeuliza habari za bomba."

Usiku mkubwa wangu alipiga simu toka Kampala.
Nilijua ataniambia niache.
Akauliza, "Umetoa nakala ngapi?"
Nne.
"Ziko wapi?"
Nikamtajia mahali patatu.
Akangoja. Nami nikangoja.
"Vyema," akasema polepole. "Ya nne
usimwambie mtu, hata mimi."

Kesi itasikizwa mwezi wa tatu,
hakimu asipougua tena.
Ajeluk bado mawe yanang'aa kwa chokaa.
Amongin nimemwandikia jina jingine katika jalada,
jina la mwanamume, la kabila la mbali.

Leo ni siku ya tisa.
Sikwenda kuomba mafuta.
Nimetia upepo gurudumu la nyuma,
nikafunga pampu kwenye mtaimbo, kwa uzi.