Magamba

Ukungu ungali umelala Tukuyu,
nageuza jibini kwenye rafu, moja moja,
kama wagonjwa, wasichubuke migongo.

Wateja wa mjini hutaka changa, nyeupe, isiyonuka.
Lugano, mtunza hesabu, hupenda ya kufukizwa moshi:
hunusa kwanza, macho kafumba.
Mchungaji? Ile ngumu, ya miezi minane.
Hulipa mwisho wa mwezi.
Mwezi upi, hasemi.

Mama aliionja mara moja, akatema:
"Maziwa yaliyooza, na bei juu!"
Akarudia kibuyu chake cha mgando.

Jana nimemkuta jikoni, mlango kaurudishia,
anakaanga magamba niliyomletea mbwa,
ndizi zikichemka pembeni.
"Funga," akasema, "baridi inaingia."

Nikafunga. Tukala.
Mbwa alikuwa nje, anakwaruza mlango.