Tafsiri ya Tendo la Tatu

Opera yenyewe hata kwao haijulikani sana.
Maestro Ruggero aliikuta Genova, kwa muuza vitabu chakavu,
kurasa zimeshikana kwa unyevu, akaileta Malindi
katika sanduku moja na jibini na dawa za presha.
Si ya miungu, alisema, wala ya wafalme;
ni ya dobi, na mchinjaji, na gavana mmoja mwovu,
watu wanaotoka jasho hadi kwenye noti ya juu.

Tukapewa ukumbi wa hoteli iliyofungwa,
upande wa mivinje, popo darini,
bwawa la kuogelea limejaa majani na kiatu kimoja.
Kwaya ikatoka kanisani Ganda, na vijana wawili wa Shela
waliozoea kaswida, wakashika sauti ya chini bila kuulizwa.
Signora Ornella, muuza aiskrimu, miaka sitini na minane,
akawa dobi wa miaka kumi na minane.
Nzaro wa mapokezi akawa mpenziwe.
Tenore, Maestro alimwita; sisi tukalikata: Tena.
Na kila akimaliza, mzee hupiga meza: tena!
Hatukujua kama anamwita au anamrudisha.

Kazi yangu ilikuwa maneno.
Miaka kumi na mmoja ya kutafsiri menyu, hati za viwanja,
barua za talaka,
sasa niandike mapenzi, mistari miwili miwili,
yamulikwe na projekta juu ya shuka la Kadzo mshonaji.
Amore: nikaandika mapenzi, nikafuta. Mahaba, nikafuta.
Mwisho nikaandika huba, kwa kuwa ni fupi
na shuka lilikuwa na kiraka.

Wiki moja kabla, akaja kijana wa ofisi ya kaunti,
faili kwapani, viatu havina vumbi.
"Tendo la tatu," akasema, "gavana anachomwa kisu."
Ni wa Italia, nikamwambia. Alikufa babu yako hajazaliwa.
"Gavana ni gavana, dada."
Nikambadilisha, akawa liwali.
Kijana akatia sahihi, akanywa soda yetu, akaenda.

Maestro alicheka sana. Mimi sikucheka.
Tendo la tatu kwa Kiswahili lilikuwa daftarini mwangu tu,
daftari la jalada jekundu,
na nilikuwa nimemsomea mtu mmoja,
usiku, dirisha wazi, feni imekufa,
yeye akinichana nywele kwa vidole na kuuliza
polepole, kama asiyetaka kujua:
halafu? halafu gavana akawaje?

Usiku wa onyesho watu walijaa hadi jikoni.
Liwali alipoingia na tumbo la mto, mtu wa nyuma akapaza sauti,
"Gavana huyo!" na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.
Kijana wa faili akatazama viatu vyake.
Kando yake, safu ya nne, ulikaa wewe,
ndani ya shati nililokununulia Mombasa.

Kisha Ornella akapiga magoti kwenye beseni la kufulia.
Dobi anamjua aliyeuza siri. Askari wanamuuliza.
Goti lake bovu lililia kabla yake.
Na shukani, juu ya kiraka, maneno yangu:

Nikitaja jina lako,
watakata shingo yako;
nikinyamaza, ni mwako
moyoni usiozima.

Ulisoma. Niliiona midomo yako ikisoma,
kisha ikasimama kwenye shingo.
Hapo mtunzi aliacha noti ndefu isiyo na neno.
Nilikuwa na neno. Lina silabi tatu, lingetosha vizuri,
na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Nikabonyeza. Shuka likawa jeupe,
kiraka kikaonekana, na uzi wa Kadzo.
Ornella akaishika noti ile mpaka popo wakatoka.
Nzaro alikufa vizuri. Watu wakasimama.

Maestro, machozi mashavuni, akaipiga meza isiyokuwepo:
tena.
Nikachomoa waya.