Kichuguu cha Mpakani

Ngosa, jirani,
nimesikia umewaita watu wa matofali.
Jana walikuja na kamba, wakakipima kichuguu
kama mafundi wa jeneza,
nami nimeinama kwenye lengalenga zangu
najifanya sioni.

Kabla hujapokea pesa yao, nisikilize.
Kile kichuguu hakina hati.
Mguu mmoja kwako, mguu mmoja kwangu,
na mgongoni mti ambao hakuna aliyeupanda.
Tulipohamia huku barabara ya Kipushi,
mwaka ule kiwanda kilipowaambia wanaume waende nyumbani,
wewe na Umba wangu mlivuta kamba ya mpaka,
mlipofika pale mkacheka, mkakizunguka,
mkasema: tutaona.
Basi ndiyo tunaona.

Udongo wetu unaujua. Mwekundu, mchachu,
kiangazi unang'ang'ania jembe,
Novemba unateremka mtoni
na mbegu zetu tumboni mwake.
Mwaka wa kwanza nililima kama nilivyokuta wengine wakilima:
kuchoma, kupanda, kuomba Mungu.
Nikavuna magunia mawili. Moja la magunzi.
Mwaka wa tatu Umba alipima mbolea ya dukani
kwa kizibo cha chupa,
kizibo kimoja kila shimo, kama dawa ya mtoto,
na pesa ikaisha kabla ya mistari.

Ndipo nikaanza kuokota.
Maganda ya mihogo ya soko la Katuba,
kinyesi cha kuku wa Mama Kisimba,
majivu ya makala, majani ya mparachichi.
"Mama Takataka," mwanao aliniita,
na jina likanishika; hata padri analijua.
Nikakwangua kichuguu upande wangu, mabeseni sita tu,
nikachanganya, nikafunika kwa nyasi,
nikangoja.

Sikuona muujiza. Niliona mnyoo.
Mmoja, mwembamba, rangi ya ufizi,
Jumanne asubuhi nilipofunua nyasi.
Nikamwita Umba aache chai aje.
Miaka ishirini na sita alimimina shaba,
moto aliujua kwa harufu tu;
akachuchumaa, akaokota udongo, akauminya,
ukabaki umeshikana kiganjani,
kisha ukavunjika polepole
kama mkate.
Hakusema neno.
Alirudi ndani kuchukua miwani.

Sasa yeye hayupo. Miwani iko dirishani.
Tuta lile bado linazaa.

Ngosa, siikatai nyumba yako.
Najua bati linavuja, najua binti yako
analala na sufuria kando ya kichwa.
Lakini wale watachimba mpaka moyoni,
wataacha shimo, mvua italijaza, mbu watahamia,
nawe utalipwa mara moja.
Mimi nasema tukwangue pembeni,
kidogo kila mwaka, kabla ya mvua,
tuwaachie mchwa chumba cha malkia wao.
Watajenga tena. Wanafanya kazi usiku
na mshahara hawadai.
(Sisi tulidai. Unakumbuka tulichopata.)
Badala ya pesa ya lori,
chukua nusu ya maharage yangu, misimu miwili.
Yauze, nunua matofali ya mtu mwingine,
aliyekwisha kuharibu kwake.

Na mwanao, yule wa "Takataka",
juzi alisimama kwenye uzio muda mrefu.
Akaniuliza kwa nini majani yangu ni mapana
kama masikio ya mbuzi, na yenu
yanakunja ngumi.
Sikumjibu. Nilimpa jembe.
Alilirudisha giza limeingia,
ameliosha.

Kesho lori linakuja, nimeambiwa saa moja.
Watanikuta nimekaa juu ya kichuguu,
beseni langu magotini.
Njoo na lako.