Chaneli ya Sita

Mtandao ulikatika saa nne na robo.
Ukarudi. Ukakatika tena kabla ya saa tano.
"Kama mtu mwenye kifafa," alisema Bwana Gintautas,
meneja, akilegeza tai kana kwamba hewa nayo imekatika.
Ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, Kaunas,
Februari, theluji imekuwa tope barabarani,
na mimi, Rimvydas, fundi wa kulipwa kwa saa,
nimesimama na soksi, maana niliombwa nivue viatu.

Nikaanza pale kila fundi anapoanzia:
nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Wote wakanitazama kama ndugu wa mgonjwa.
Dakika arobaini za afya njema.
Kisha kijana wa madai akapiga meza kwa kiganja:
"Umekwenda!"

Nikabadilisha kebo.
Nikalishuku jiko la mikrowevu; nikapasha mara tatu
supu ya bitiruti ya mtu nisiyemjua
hadi ikafurika, ikatapakaa kama mauaji.
Mtandao haukutikisika.
Nikazishuku trolibasi chini ya dirisha,
zinazotema cheche waya ukiwa na barafu.
Nikaandika saa ya kila moja. Kumi na nne zilipita.
Hazikuwa na hatia.

Siku ya pili nikaja na kipima masafa.
Hewa ya ofisi si tupu, ni gulio:
simu, printa, saa za mkononi, kila kimoja kinanadi chake,
lakini hupishana, kimoja kikimeza mate kingine husema.
Ila kwenye chaneli ya sita paliinuka ukuta,
ukaanguka, ukainuka:
mtu anayesema bila kumpisha mwenzake.

Nikaufuata.
Korido, baridi. Mashine ya kunakili, vuguvugu.
Mlango wa masijala, moto.

Kati ya makabati ya mafuriko na magari yaliyogongana
palikuwa na kikapu cha nguo, na ndani yake mtoto,
miezi saba labda, akizungumza na soksi yake.
Kando, kidude cheupe chenye antena fupi.
Kila alipoguna, kilirusha mguno huo hewani
hadi kwenye droo ya Jolita, dawati la nne,
na njiani ukakanyaga barua pepe za watu kumi na tisa.

Jolita alikuwa nyuma yangu tayari.
"Anayemlea ana tetekuwanga," alisema. "Hadi Ijumaa tu."
Sikuwa na la kumjibu.
Nililipwa kutafuta hitilafu,
na pale sikuiona.

Nikaurudisha mlango taratibu.
Nikaihamisha ruta kutoka ya sita hadi ya kumi na moja,
kule pembeni palipo na nafasi.
Mtoto akisema, mtu mzima husogea.

Saa nne na robo ikafika.
Gintautas akakibana kipanya kama usukani kwenye kona.
Ikapita.

Kwenye fomu, palipoandikwa Chanzo,
nikajaza: mwingiliano wa mawimbi, jirani.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu
mtu mdogo alipopiga chafya ndani ya droo.
"Afya!" akasema kijana wa madai
bila kuinua macho,
na barua yake ikaenda.