Mizani ya Kiraka

Wahenga walituachia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hawakusema uzibe na nini.

Ndilo swali lililonikalisha ofisini hadi saa nne usiku,
taa moja ikiwaka, chai imepoa ikafanya utando.

Mchana nilikuwa chini ya daraja la miguu
linalowavusha watu wa Mukuru kwenda viwandani.
Mto Ngong siku hiyo ulikuwa wa zambarau.
Jumanne ulikuwa wa kijani;
huvaa chochote wanachofua huko juu.
Nilibisha hodi kwenye boriti kwa nyundo ndogo,
shubiri kwa shubiri, sikio karibu:
ngo, ngo, ngo,
kisha po.
Hapo penye po zege limeachana na chuma chake
na bado wanaishi nyumba moja.

Basi nikachora jedwali.
Mwalimu Nyamweya, kidato cha pili,
alitufunza kuwa mizani ni hesabu ya silabi.
Hii yangu ni hesabu ya wasiwasi,
na wasiwasi wote, ukiujumlisha, uwe mia.
Mshikamano nikaupa ishirini na tano.
Kutosinyaa, ishirini.
Kulingana na zege la zamani
(likivimba kwa jua la Februari, kiraka nacho kivimbe,
likinywea kwa baridi ya Julai, nacho kinywee)
ishirini pia.
Kuustahimili huo mto, kumi na tano.
Kukauka upesi, kumi.
Bei ikabaki na kumi ya mwisho,
na nilijua Bwana Kihumba akiiona atakohoa.

Nikazidisha, nikajumlisha.
Saruji na mchanga, ile ya siku zote: mia tano thelathini.
Saruji ya polima: mia saba.
Epoksi: mia saba arobaini.

Nikasonya.
Epoksi ilikuwa na kumi kwa mshikamano,
na tatu, tatu tu, kwa kulingana,
na zile kumi zikaifunika ile tatu
kama zulia jipya juu ya sakafu iliyooza.

Nikachukua kifutio.
Kumi nikazitoa kwenye mshikamano,
nikazihamishia kwenye kulingana.
Epoksi ikateremka hadi mia sita na sabini.
Polima haikutikisika: mia saba, mia saba.

Nilifurahi, kisha nikaona haya.
Je, nimepima, au nimeisukuma mizani kwa kidole
hadi iseme nilichotaka?
Nikazima taa bila kusaini.

Asubuhi nikamwambia fundi Mulwa
azibe mashimo matatu, kila moja na dawa yake.
Tukangoja Julai nzima iishe,
usiku wa koti, mchana wa shati.
Siku ya ishirini na nane akaja na patasi.
La saruji na mchanga lilikuwa na ufa mwembamba
kuuzunguka mdomo wote, kama ukingo wa kikombe.
La epoksi alilipiga mara moja tu,
likang'oka zima, ngumu, linang'aa,
limebeba mgongoni ngozi ya zege kuukuu
unene wa chapati.
Mulwa akaligeuzageuza.
"Hili halikuachia," akasema. "Aliyeachia ni mwenyeji."

Mama Khalayi, anayeuza uji penye ngazi,
hakuuliza habari ya polima.
"Mtafunga siku ngapi?"
Watu wa zamu ya alfajiri wakizungushwa
hadi daraja la juu, ni dakika arobaini,
na lango la kiwanda halina huruma.
Nikakumbuka ile kumi ya kukauka upesi.
Niliitoa wapi? Kitini.

Tukafanya nusu daraja kwa nusu,
usiku, ndoo mbili mbili,
watu wakipita ubavuni kwa foleni ya mmoja mmoja,
wengine wakimkosoa Mulwa namna ya kushika mwiko.
Bwana Kihumba alikohoa. Akalipa.

Jana nimepita na nyundo yangu.
Ngo, ngo.
Nikafika penye kiraka, nikasita,
nikapiga.
Kikajibu kwa sauti ya jirani yake.