Mkono kwa Mkono

Fredina wa Kidato cha Tatu, wa dawati la dirishani,
aliuliza: "Mwalimu, hili neno la Kizungu la msaliti
lilizaliwa wapi?"
Sikujua. Nikamwambia amalize zoezi.

Jioni nikaazima kamusi kwa Padre, ile nene,
yenye jalada lililotafunwa na panya.
Ukungu wa Mufindi ulikuwa umefika kizingitini.
Nikasoma ndani ya blanketi, jiko likizimika taratibu.

Asili yake Kilatini: tradere.
Kutoa, kuvusha. Kukabidhi tu.
Hamna kisu humo, wala sumu.
Mkono unatoa, mkono unapokea, basi.
Na kumbe lina pacha:
neno lao la mila limechotwa mtungi huohuo.
Kurithisha na kusaliti, tumbo moja,
mama yao mwenyewe huwakosea majina.

Nikamwona baba, mwaka wa mwisho wa kifua chake,
ametusimamisha kwenye mipaini, ekari nne za Ihalimba,
utomvu umemganda vidoleni.
Panga la kupogolea alimpa Otmari.
"Msikate kabla ya wakati.
Mkinizika, nizikeni humu, nisikie upepo."
Otmari alipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Miaka sita. Lori la kiwanda limekuja na kuondoka,
likaja tena. Sasa kutoka barabarani
kaburi la baba linaonekana wazi, kama jino lililobaki.
Kilabuni, ulanzi ukishakolea, wanamwita kaka yangu haini.
Mama hamtaji. Kikombe chake amekifunika kifudifudi.
Nami nikiwa pale hutikisa kichwa,
nasema, "Jamani, Otmari,"
nasema, "Damu moja kweli?"

Kesho Fredina atauliza tena, namjua.
Nitaandika ubaoni: kukabidhi.
Nitafuta haraka, chaki inirukie machoni.

Sitamwambia kwamba hati baba alinipa mimi.
Ilikaa kabatini, chini ya madaftari yasiyosahihishwa.
Otmari alikuja usiku wa mvua, viatu mkononi,
akasema ada ya mtoto, akasema benki,
akasema wiki mbili tu, dada,
na mimi nilikuwa na usingizi,
sikutaka maneno,

nikanyoosha mkono.